Kucha Mbili Kitakoni mwa Chungu

Mzee Amiri hakuingia mle ukumbini kutazama picha. Alikuwa anakimbia mvua. Asubuhi nzima alikaa kwenye benchi la ofisi moja pale Lushoto mjini, akimsubiri bwana wa maji amwambie nani aliruhusu mtaro uchimbwe shambani kwake, karibu kabisa na kaburi la mkewe, Husna. Bwana hakuja. Hawa watu hawaji. Hata siku ile Husna anahema juu ya machela hawakuja: gari la wagonjwa lilikuwa gereji, na barabara waliyoiahidi kampeni mbili ilikuwa bado tope. Husna alikata roho mabegani mwa wabebaji, lami ikionekana kule chini. Tangu hapo Amiri hakuwa na salamu nzuri kwa mtu yeyote mwenye kiti cha kuzunguka.

"Shikamoo babu, karibu ndani," alisema binti aliyesimama mlangoni, kitambulisho kikining'inia shingoni.

"Marahaba. Kiingilio?"

"Bure."

"Basi kuna kitu mnakitaka," alisema Amiri, akaingia huku akikung'uta kofia yake.

Binti aliitwa Sesilia, mtu wa makumbusho kutoka Dar es Salaam. Alikuwa amepanga mabango makubwa ya picha ukutani: ngoma, vigoda, mikuki, vibuyu vya waganga. Vyote, alisema, vilitoka milima hii ya Usambara zama za Mjerumani, na vyote viko Ulaya mpaka leo. Kwenye viti vya mbele walikaa waalikwa na chupa zao za maji, na miongoni mwao Kornelio, mwenyekiti wa kijiji cha Amiri, ndiye aliyesimamia ule mtaro. Amiri alimwona, akatazama pembeni.

"Zamani wenye mali kule Ulaya walikusanya vitu vya mbali wakavipanga vyumbani kwao, waoneshane na marafiki," Sesilia alikuwa akieleza. "Baadaye zikajengwa nyumba kubwa ili kila mtu aingie atazame. Sasa nyumba ikishajengwa inataka kujazwa. Kila mji ukataka yake ijae kuliko ya jirani. Wakatumwa watu huku na makasha. Wengine walinunua, wengine walipewa, wengine walichukua tu. Vingi havijawahi hata kuoneshwa, viko stoo."

"Miaka yote hiyo, stoo?" aliuliza mama mmoja.

"Stoo, mama."

"Na mwenyewe alikuwa anakitumia!"

Watu wakacheka. Amiri hakucheka. Alikuwa amesimama mbele ya bango la mwisho.

Ilikuwa picha ya chungu kilichopinduliwa, kitako juu. Kitako kilikuwa na tundu. Pembeni ya tundu kulikuwa na alama mbili za kucha, mbili tu, zimepinda kama miezi michanga na zinatazamana. Kando yake mtu alikuwa ameandika namba kwa rangi nyeupe, kama wanavyopigwa chapa ng'ombe wa mnada.

Kucha zile alizijua. Husna alikuwa mfinyanzi, na ufinyanzi ni kazi ya wanawake; mwanamume hasogei wanapochimba udongo wala wanapoufinyanga, vyungu vitapasuka. Miaka yote ya ndoa yao Amiri hakuwahi kumwona mkewe akifinyanga. Aliviona vyungu vikishaiva tu, na kila kimoja kitakoni kilikuwa na kucha mbili. Alipomwuliza, bado vijana, Husna alicheka akajifunika kanga mdomoni. "Hiyo ni mimi na wewe. Tunatazamana."

Alipokufa, walifuata mila ya ukoo wao: chungu cha mwisho cha mfinyanzi kinatobolewa kitako, mtu asije akatamani kukipikia, kisha kinapinduliwa kichwani mwa kaburi. Shehe alikunja uso, akanyamaza. Amiri alikuwa akipanda kukitazama kila Ijumaa, mpaka masika ya mwaka huu goti lilipomkatalia. Na masika hayo hayo ndipo watu wa Kornelio walipopanda na majembe.

Alisogeza macho kwenye maandishi. Darasa la tatu lilimtosha kusoma neno moja, akalisoma tena na tena: *kaburini*.

"Mmefukua," alisema. Sauti ilitoka ndogo. Kisha ikatoka kubwa. "Mmemfukua Husna wangu!"

Ukumbi mzima ukageuka. Sesilia alikuja mbio. "Babu, kuna nini?"

"Hiki ni chungu cha mke wangu! Kilikuwa juu ya kaburi lake! Kornelio, mtaro ulikuwa uongo, siyo? Ulipeleka watu wakachukue chungu muuze kwa Wazungu!"

"Babu, tafadhali soma mwaka hapo. Elfu moja mia tisa na tisa..."

"Mwaka mnaandika nyie! Kalamu ni yenu!" Alimnyooshea Kornelio kidole. "Mwizi wa kaburi!"

Waalikwa waliduwaa, chupa mikononi. Lakini Kornelio ndiye aliyeshangaza watu. Mwanamume yule mwenye maneno mengi kwenye kila mkutano alibadilika rangi. Hakuonekana kama mtu aliyetukanwa tusi geni. Alionekana kama aliyesikia jina lake la utotoni.

"Mzee Amiri," alisema mwishowe, "panda pikipiki yangu. Twende sasa hivi tukaone."

"Nitakwenda. Na kama hakipo?"

"Kama hakipo, mnifunge."

Walipanda mlima, Amiri nyuma akishikilia koti la mtu aliyemchukia. Kila walipodumbukia kwenye shimo alinong'ona, "Barabara yenu hiyo."

Walisimama kwanza kwa Hidaya, dada mkubwa wa marehemu. Kitu cha kaburi kile hakishikwi na mwanamume. Hidaya alikuwa nyuma ya nyumba na udongo wake, kwa hiyo walibaki nje ya ua, Kornelio akakohoa.

"Msisogee!" ilipigwa kelele kutoka huko. "Nina vyungu vibichi!"

"Shemeji, ni mimi."

Hidaya alitoka akijifuta mikono. "Onga mshi, shemeji," alimsalimu kwa Kisambaa. "Mbona una sura hiyo? Nani amekufa?"

"Aliyekufa ni yule yule. Wamemwibia."

Goti lilimuuma mpaka machozi, lakini alipanda. Mtaro ulikuwepo, umepita chini ya kaburi, haujaligusa. Juu ya kaburi magugu yalikuwa yameota yakafunga kabisa. Amiri hakuweza kusogea. Hidaya alipiga magoti, akayatenga magugu kwa mikono yote miwili, taratibu.

Chungu kilikuwepo. Kitako juu, tundu lake, kucha zake mbili, na ndani ya tundu maji ya mvua yakimeta.

Amiri alikaa chini kwenye tope. "Basi kile nimekiona ni nini? Mimi si kichaa, shemeji. Kina kucha mbili. Hizi hizi, zangu na Husna."

"Zako?" Hidaya alimkazia macho. "Nani alikwambia ni zako? Sote kwetu tunaweka hizo. Mama aliweka, na mamaye, na mama wa mamaye. Njoo uone vyangu vikiiva."

"Aliniambia ni mimi na yeye."

"Alikuwa msichana, alikupenda. Ulitaka akwambie nini?"

Neno hilo lilimpiga kifuani. Alama aliyoibeba kama pete haikuwa yake hata siku moja. Lakini kabla hajalimeza, alimwona Hidaya akikunja uso, akimshika mkono.

"Subiri. Hicho cha Wazungu, umesema kina tundu?"

"Kina tundu. Wameandika kaburini. Kornelio, mwaka ule ni upi?"

"Elfu moja mia tisa na tisa," alisema Kornelio kutoka chini kwenye mtaro. Alikuwa hajathubutu kupanda.

Hidaya alijishika kichwa. "Yarabi. Ni cha bibi yake mama. Juu ya kaburi lake palikutwa patupu, chungu hakuna. Mama alinikataza mimi na Husna kuchota maji na wasichana wa kina Kornelio. Alikufa hasemi na ukoo ule. Watu walisema mbuzi wa ukoo ule walilishwa pale, basi mchungaji wao ndiye mwizi."

"Huyo mchungaji alikuwa baba wa babu yangu," alisema Kornelio. "Shuleni waliniita mwizi wa kaburi. Baba yangu aliposa kwenu, mkamkataa."

Hidaya alibaki na udongo umekauka vidoleni, akimtazama Kornelio kama anayemwona leo. Amiri alilikumbuka neno lake la mle ukumbini, mbele ya watu wote wale, na masikio yakamwaka. Alijizoa topeni, akateremka kwa makalio kama mtoto mpaka kwenye mtaro.

"Kornelio."

"Naam, mzee."

"Barabara yako ni mbovu. Mke wangu alifia njiani na wewe ukiwa mwenyekiti, hilo nitalisema mpaka nife."

"Liseme."

"Lakini babu zako hawakuiba, walichukua wenye makasha." Alivuta pumzi. "Kesho nirudishe mjini kwenye hiyo pikipiki. Nikaliseme na hilo pale pale nilipokutukana. Kwa sauti ile ile."