Jiko Jipya la Solongo

Nilipewa kazi ya kuchagua jiko kwa sababu, kama alivyosema wifi yangu Yanjmaa mbele ya ukoo mzima, nimeshatoboa majiko matatu na kuchosha waume wawili. Watu walicheka. Nami nikacheka; ningebisha nini?

Mwanawe Badral alikuwa anaoa kabla baridi haijakaza. Kwetu, upande wa mwanamume hutoa ger, hema letu la duara la kuishi, na jiko lake, na bibi harusi ndiye huwasha moto wa kwanza, wageni wakimkodolea macho, kisha huchemsha chai juu ya moto huohuo. Moto ukigoma, halisemwi jiko, husemwa yeye. Hilo nalijua kwa mwili wangu. Siku yangu mimi, wageni walikimbilia nje wakikohoa, na mama mkwe wangu wa kwanza akaniita Moshi mpaka tulipomzika. Kwa hiyo nilimwambia Badral mapema, "Mkeo hataitwa Moshi nikiwa hai."

Sokoni akaenda moja kwa moja kwenye jiko la bati jembamba lenye maua ubavuni.

"Shangazi, hili zuri. Tena jepesi."

"Lioe basi. Litapata moto upesi, na litapoa kabla hujageukia ubavu wa pili."

Nilitafuta la chuma kinene, lenye matofali ya kuhimili moto ndani. Kila nililolipenda nilibana noti mlangoni mwake, nikafunga, nikavuta. Kwenye majiko mawili noti ilichomoka kama imepakwa mafuta. Mlango wa hivyo hupitisha hewa usiyoitaka. Kwenye la tatu ikagoma. Muuzaji akaacha kuniita bibi, akaanza kuniita mteja.

Tukafuata makaa. Siku hizi mjini makaa ya mawe mabichi ni marufuku. Tunachoma yale yaliyosagwa na kushindiliwa kiwandani, vidonge vyeusi vinavyojaa kiganja. Mpakiaji akaanza kututolea magunia ya chini kabisa, yaliyolalia ardhi.

"Kaka, tupe ya juu."

"Mama, makaa ni makaa."

Nikatoa kidonge kimoja, nikakifinya. Kikamomonyoka mkononi, kimelowa unyevu wa ardhi. "Hii jibini. Mimi nimekuja kununua makaa." Foleni nzima ikacheka, naye akapanda juu ya rundo huku akininung'unikia. Cha kuwashia hatukununua: kaka yangu alikuwa ameshaleta magunia mawili ya mavi makavu ya ng'ombe kutoka malishoni.

Ikabaki rangi. Jiko jipya huja limepakwa rangi nyeusi, na moto wa kwanza huiunguza. Chuma chenyewe hufuka moshi, harufu yake kama ya tairi. Ndicho kilichonipata mimi, na hakuna aliyenionya. Dawa yake ni kuliwasha nje uani mara moja, likamaliza ubishi wake, ndipo liingizwe ndani. Nikamweleza Yanjmaa, siku tatu kabla ya harusi.

"Thubutu!" akasema. "Moto wa kwanza ni wa bibi harusi. Ukiuwasha wewe, umeolewa wewe na mwanangu."

"Simtaki. Anakoroma."

"Sitanii, wifi. Mtu mwingine asiguse jiko lile."

Nikakubali. Kesho yake mchana, Yanjmaa alipokwenda kununua kitambaa, nikamwambia Badral apakie jiko na bomba kwenye gari, tukampelekea Solongo, bibi harusi, kwao.

Solongo ni binti wa ghorofani. Amekua akiota moto wa mabomba ya ukutani. Wazazi wake walihamia kwenye kiwanja chao mwaka huu tu, na jiko lao huwashwa na baba yake. Alilitazama jiko uani kama mtu anayemtazama ng'ombe bila kujua amkamulie wapi.

"Shangazi, mama mkwe amekubali?"

"Amesema moto wa kwanza ni wako. Kiberiti hicho hapo."

Nikafunga mikono mgongoni. Akajaza makaa mpaka juu, akawasha karatasi, akaitupia humo, akafunga kila kitundu. Ikafa. Akarudia. Ikafa tena.

"Wewe ukizibwa pua utapumua?" nikamuuliza.

Akafungua kidroo cha majivu hewa ipite. Akatoa makaa yote, akatanguliza mavi makavu na vipande vyembamba vya kuni, vikashika, ndipo akaweka makaa, kiganja kimoja kimoja. Likaanza kunguruma. Kisha rangi ikafuka, na baba yake akatoka mbio. "Nani anachoma tairi hapa?"

"Binti yako anaolewa, mzee. Vumilia."

Lilipopoa tukalifuta, tukalirudisha.

Siku ya harusi Solongo alipiga magoti, akawasha kwa njiti moja tu ya kiberiti. Moshi wote ukapanda bombani, hakuna aliyekohoa. Yanjmaa alikuwa ameshashika leso karibu na pua. Akaishusha polepole. Akavuta hewa, akavuta tena. Akainama, akachungulia bomba, lililokwisha kubadilika rangi kwa joto. Chuma kipya hakiwi hivyo kwa dakika tano.

"Jiko hili liliwahi kuwaka," akasema. Mimi nikafungua mdomo, lakini Solongo akaniwahi.

"Liliwahi, mama. Uani kwetu."

"Nani aliwasha?"

"Mimi. Mara mbili lilinishinda, ya tatu likawaka."

"Shangazi yako hakugusa?"

"Alifunga mikono mgongoni."

Yanjmaa akanigeukia. Nikamwonyesha mikono, nikairudisha mgongoni. Akachukua kipande cha mafuta ya kondoo kwenye sahani, akafungua mlango wa jiko, akakitumbukiza motoni, kama mama mwenye mji anavyoukaribisha moto mpya. Mafuta yakachachatika.

"Nilisema moto wa kwanza ni wake," akawaambia wageni. "Sikusema uwashwe wapi. Haya mwanangu, chai, watu wana kiu."

Bakuli la kwanza Solongo alilitoa nje, akairushia mbingu chai yake kama sadaka. La pili akampa mama mkwe wake. La tatu Yanjmaa akalipokea yeye mwenyewe, akanipa mimi kwa mikono miwili.

"Kunywa, Handsuren," akasema. Siku zote hupenda kunitania kwa lile jina la Moshi. Siku ile hakulitaja.