Jino la Yustina

Kwa siku mbili dresa Antipasi, mganga msaidizi, alitembea kifua mbele pale zahanati ya Ilongero. Daktari wa wilaya alikuwa amempa chupa ndogo ya ganzi ya kupuliza. Unaipuliza kwenye ufizi, ufizi unakufa ganzi kwa baridi, unang'oa jino, na mtoto hachomwi sindano hata moja.

Wa kwanza alikuwa Yustina, binti wa miaka saba, shavu limevimba, macho yameganda kwenye sinia la sindano.

"Sikuchomi," Antipasi akamwambia. "Naapa mbele ya baba yako."

Mtoto akafumbua kinywa. Chupa ikapuliza, koleo likaingia, na jino likawa nje kabla hajajiandaa kulia. Yustina akacheka na damu yake mdomoni. Antipasi alifurahi kuliko yeye.

Baba mtu, mzee Gabrieli, hakucheka. "Bado sindano," alisema.

"Jino limeshatoka, mzee."

"Jino hata mhunzi anang'oa. Mimi nimeleta mtoto kwenye dawa."

Gabrieli alipona ugonjwa wa buba kwa sindano, kama nusu ya watu wa Ilongero, na tangu siku ile dawa isiyochoma kwake ilikuwa maji ya kunawa. Antipasi akakasirika, kisha akaogopa. Akimchoma mtoto, amevunja kiapo, na hakuna mtoto atakayemfumbulia kinywa tena. Asipochoma, mzee atatangaza mnadani kwamba dresa anawanyima watu dawa ya Serikali.

"Haya, mzee," akasema mwishowe. "Lakini huyu bado mdogo. Dawa yake itapitia kwako. Kunja shati."

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mzee huyu hata hakusita. Alitoa mkono, akadungwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo, akakunja uso kwa raha.

"Sasa umemtibu," alisema, akamshika binti yake mkono wakaondoka.

Antipasi alijipongeza wiki nzima. Jumatatu akafungua mlango, akakuta akina baba kumi na tisa kwenye foleni, kila mmoja amekunja shati hadi begani. Akaitazama chupa yake mezani, akatazama nyuma ya foleni.

"Watoto wako wapi?"

"Nyumbani, wanalia na meno," akajibu wa mbele, akinyoosha mkono. "Tuchome upesi, tuwahi kuwapelekea nafuu."