Mpiga Ngoma Hayupo

Kila Ijumaa baada ya githeri, mahindi na maharagwe ya mchana, watoto wakiwa nje wanaosha sahani zao kwenye beseni, Mwalimu Nekoye alifungua kabati la kioo akahesabu askari. Walikuwa askari wa kuchezea, wa bati, urefu wao kidole cha shahada, na makoti yao mekundu yalikuwa yameanza kubanduka rangi. Walikuwa arobaini. Kulikuwa na wa bunduki, wa farasi, mbeba bendera, na mpiga ngoma mmoja aliyewahi kuvunjika mguu akagandishwa kwa gundi.

Walitoka ng'ambo. Mzee mmoja wa huko aliwachezea utotoni, akawatunza mpaka akazeeka, na alipokufa akaacha wosia: askari wake wapewe watoto maskini, na pesa zake ziwalishe hao watoto mchana, mradi askari wasipungue hata mmoja. Ofisi iliyosimamia wosia ikachagua shule ya mabati ya Mwalimu Nekoye, pale mtaa wa Kambi Muru. Ikaleta kabati, kufuli na orodha. Kisha ikaeleza kwamba, ili askari wasipungue, afadhali watoto wasiwaguse. Basi askari wakakaa nyuma ya kioo mbele ya darasa, watoto wakakaa kwenye madawati, na huu ulikuwa mwaka wa pili wanatazamana.

Lakini githeri ilikuwa githeri kweli, si mchezo. Mpishi, Nereah, alipofunua sufuria, hata mbwa wa mtaa jirani wa Mashimoni walijua ni saa ngapi.

Sasa, Mwalimu Nekoye hakuwahi kufundishwa kuhesabu mali. Alichojua yeye ni rejista. Ijumaa ya kwanza alisimama mbele ya kabati na kalamu yake, akafanya vile alivyofanya kila asubuhi ya Mungu: akaita.

"Mbeba bendera?"

"Nipo," mbeba bendera akajibu.

Mwalimu akaweka alama. "Wa farasi, wa kwanza?"

"Nipo, Mwalimu."

Sauti zao zilikuwa nyembamba, kama kijiko kikigonga kikombe. Aliwaita wote, wote wakaitika, na akaona kumbe kazi yenyewe ni rahisi kuliko alivyodhani. Tangu siku hiyo aliwahesabu hivyo.

Ubaya wa kuita askari kama wanafunzi ni kwamba watajiona wanafunzi. Wiki chache tu, vituko vikaanza. Mmoja wa bunduki alikutwa akisinzia jina lake likiitwa. Wawili wa farasi waliacha kusemezana. Orodha ya ofisi ilikuwa na safu ya hali, na Mwalimu alikuwa mtu wa kujaza safu, kwa hiyo aliandika: "Mzima ila msumbufu." "Mzima, atenganishwe na jirani yake." Bwana Kimotho wa ofisini, aliyekuja kila mwisho wa muhula kukagua, alisoma hayo yote akatia sahihi. Alikuwa mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, na kwake yeye la maana lilikuwa arobaini.

Kazi ya kupangusa kioo ilikuwa ya zamu, lakini wenzake walimwachia Trizah wa darasa la nne zamu zao zote, kwa sababu aliitaka. Alipangusa kwa gazeti na maji huku akipiga nao stori. "Niaje, majeshi? Mmekula?" Wengi walinyamaza, maana jina lao halikuwa limeitwa. Ni mpiga ngoma tu aliyemjibu, ta-ta, na Trizah alicheka mpaka Mwalimu akamwambia amalize watu waende nyumbani.

Muhula wa pili ulipofunguliwa, Trizah hakurudi. Mwalimu aliita jina lake, kukawa kimya, akaweka sifuri. Kesho yake vilevile. Mwisho akamwendea mama yake, Nasike, aliyekuwa akifulia watu nguo kule mtaa wa Olympic siku kazi ikipatikana. Alimkuta ameketi mlangoni, vidole vimechubuliwa na sabuni.

"Nilimpeleka Kawangware kwa Wagaki," Nasike alisema. "Tulikaa naye ploti moja hapa kabla ahame. Ana saluni na ana mtoto mchanga. Trizah anamshikia mtoto, anakula, analala pazuri."

"Na shule, mama Trizah?"

Nasike akatazama mikono yake. "Wewe unamlisha mmoja, mchana. Mimi nalisha wanne, usiku. Usinigombeze, Mwalimu."

Mwalimu hakumgombeza. Alirudi shuleni roho ikimuuma, akapigia ofisi simu. Bwana Kimotho alisikitika, tena alisikitika kweli, ila hakukuwa na fungu la kumfuata mtoto akiacha shule. Fungu lililokuwepo lilikuwa la askari na la sufuria.

Wiki baada ya wiki Mwalimu aliendelea kuita lile jina, hata baada ya wenzake Trizah kuacha kugeuka kutazama mlango. Halafu akaletwa mtoto mwingine, Wekulo, na madawati yalikuwa yamejaa. Mwalimu akachukua rula akachora mstari juu ya jina la Trizah. Asubuhi ile, akiita majina, akatoka kwa Shiundu akaenda moja kwa moja kwa Wanzala, bila Trizah katikati. Ndani ya kabati ikasikika ngoma mara moja, ta, kisha basi.

Ijumaa alipoita, mpiga ngoma hakuitika. Kufuli halikuwa limeguswa. Mahali pake palikuwa na alama mbili za miguu kwenye vumbi, moja imepinda.

"Ameenda wapi huyu?" Mwalimu aliuliza.

"Aliomba ruhusa," mbeba bendera akasema. "Ameenda Kawangware, kumwona asiyeitwa."

Bila askari arobaini hakuna sufuria, na nje pale watoto walikuwa wanagombania ukoko. Mwalimu angeweza kuweka alama tu akanyamaza. Lakini uongo ulikuwa haumkai, kila mtu Kambi Muru alijua hilo, kwa hiyo alipiga simu. "Bwana Kimotho, mpiga ngoma hayupo."

Loo! Kabla ya jioni barua ya msako ilikuwa imeshaletwa na bodaboda, ina muhuri. Kulikuwa na pesa za simu, pesa za chakula cha njiani, na gari la ofisi ambalo lingemfuata Mwalimu popote ambapo angeambiwa askari ameonekana. Fungu la kutafuta askari lilikuwepo, tena nono. Mwalimu Nekoye aliishika ile barua akasikia hasira ikimpanda mpaka masikioni. Halafu akawaza: si anaelekea kulekule? Jumamosi asubuhi akavaa raba zake akatoka.

Pale Olympic alimuuliza Maurice wa chapati.

"Yule jamaa wa ngoma? Alipita jana. Nilimkatia chapati akakataa, ati yuko kazini."

Ngong Road, fundi wa viatu aliyeitwa Osewe alikuwa amemwona pia. "Ule mguu ulikuwa umeachia, madam. Nikampiga gundi. Sikumlipisha. Mtu mfupi vile na safari yote hiyo!"

Mwalimu alishika Naivasha Road, akauliza, akaelekezwa, akaingia Gatina, upande wa Kawangware, na kabla hajaona saluni alisikia ngoma. Mpiga ngoma alikuwa amesimama katikati ya mlango. Wateja walimruka wakiingia na walimruka wakitoka. Wagaki, mwenye saluni, alikuwa na kitana mkononi na kichwa cha mtu nusu kimesukwa.

"Huyu ni wako, Mwalimu? Tangu jana ananipigia hiyo kitu. Asubuhi anapiga, saa ya uji anapiga, saa ya lanchi anapiga. Wateja wananiuliza kama nimefungua kanisa."

Ndani, kando ya pipa la maji, alisimama Trizah. Alikuwa amefungwa mtoto mgongoni, Alvin, miezi saba na mzito kama kiroba cha unga. Trizah hakukimbia kumsalimu.

"Mwalimu, uliacha kuniita," alisema.

"Nani amekwambia?"

Trizah akaonyesha mlangoni kwa kidevu. "Na dawati yangu mmempea nani?"

Mwalimu Nekoye alikaa kwenye benchi la wateja. "Nimempa Wekulo," akasema. "Nilifanya vibaya. Nisamehe, Trizah."

"Ni sawa," Trizah akasema, na ilionekana haikuwa sawa.

Mwalimu akainama amchukue askari. Mpiga ngoma hakuinuka. Akavuta kwa mikono miwili, wapi. Bwana Kimotho, alipopigiwa simu, alifika na gari, akajaribu, akavua koti akajaribu tena. Dereva alileta jeki, jeki ikapinda. Mwenye mkokoteni wa maji aliyekuwa akipita alisema hiyo ni kazi ya watu wanne, wakaja wanne, wakachoka, wakadai soda. Mpiga ngoma alitazama mbele tu, maana saa ya uji ilikuwa imepita na ya lanchi bado.

Ndipo mteja mmoja mjamzito akataka kuingia na hakuweza kuruka. Trizah akaja na Alvin wake mgongoni, akainama, akamwinua mpiga ngoma kwa vidole viwili, akampisha mama wa watu, akamrudisha.

Bwana Kimotho akatazama hayo kwa makini. Hakushangaa, lakini alifikiri sana. "Kwa hivyo anabebwa na huyu tu."

"Huyu tu," Mwalimu akasema.

"Basi huyu ni sehemu ya askari."

Akatoa orodha na kalamu moja kati ya zile tatu, akaandika kwenye safu ya vifaa: mbebaji, mmoja. Mengine yalifuata yenyewe. Askari lazima awe shuleni, kwa hiyo mbebaji lazima awe shuleni. Kifaa hutunzwa kiwe katika hali ya kufanya kazi, kwa hiyo mbebaji ale mchana. Na mbebaji akilala njaa, asubuhi hatakuwa na nguvu, kwa hiyo apelekewe kwao unga na mboga, vya kupikwa kwenye sufuria ya nyumba nzima, kwani nani anaweza kupika ugali wa mtu mmoja?

"Na mimi nani atanishikia mtoto?" Wagaki aliuliza. "Sikumfanyia ubaya huyu msichana, Mwalimu. Muulize. Lakini mtu mzima wa kushika mtoto siwezi kumlipa."

Bwana Kimotho akasaka kwenye karatasi zake. Kulikuwa na gharama za kusafirisha askari, na safari yenyewe ilikuwa fupi, kwa hiyo salio likaenda kwa mama mmoja jirani aliyekuwa akilea watoto wa ploti. Wagaki akamfungua Alvin mgongoni mwa Trizah, akageukia ukutani kidogo akifuta macho, kisha akamalizia kile kichwa. Trizah alipanda gari la ofisi na mpiga ngoma mapajani.

Jumatatu Mwalimu aliita Shiundu, akaita Trizah. "Nipo!" Kwenye kabati ngoma ikasema ta-ta. Wekulo akasogea kwenye benchi, wakakaa wawili penye nafasi ya mmoja, na Nasike alionekana akipita nje mara mbili na beseni lisilokuwa na nguo, akichungulia.

Muhula ulipokaribia kwisha, Bwana Kimotho akiwa nje anaonja githeri, Trizah alikuwa akipangusa kioo. Orodha ilikuwa wazi mezani akaisoma.

"Mwalimu, mimi ni kifaa?"

"Kwenye orodha yao."

"Na kwenye yako?"

Mwalimu akamfunulia rejista. Jina lilikuwa limeandikwa upya, kwa kalamu ya buluu, juu ya ule mstari. Trizah akaliangalia, kisha akachukua kalamu na pale kwenye orodha, mbele ya "mbebaji, mmoja", akaandika kwa mwandiko wake wa darasa la nne: Trizah.

Bwana Kimotho aliporudi aliona. Uso ukamshuka. "Ni jina zuri," akasema. "Lakini hapa hakuna safu ya majina." Akaomba rula, akapitisha mstari taratibu asichafue karatasi. "Mmoja" akaiacha. Akatia sahihi: askari arobaini, kamili, hali nzuri. Mwalimu hakubishana naye. Alimsindikiza hadi barabarani, akamshukuru, akarudi, akakuta mpiga ngoma ameugeukia ukuta.

Ijumaa iliyofuata, hesabu ilipokwisha, Mwalimu hakufunga kabati mara moja. Alivuta kiti akakaa mbele yake na rejista za miaka yote tangu shule ifunguliwe, akaanza kusoma majina yaliyopigwa mistari. Alisoma polepole, na kila jina akalitajia mahali, iwapo alipajua. Benard, yuko Mashimoni, anachota maji ya kuuza. Antony, yuko Kawangware, kwenye karakana. Msichana wa kina Wanzala, alionekana Olympic, nyumba yenye geti jeusi. Askari walisikiliza. Hata wale wawili wa farasi walisogeleana. Alisoma hadi Nereah akamaliza kusugua sufuria akaenda kwake.

Jumatatu asubuhi Trizah aliitika, Wekulo akaitika. Halafu Mwalimu akageukia kabati, ingawa haikuwa Ijumaa, akamwita mbeba bendera, akawaita wale wawili wa farasi. Kimya. Akaandika "hayupo" mara tatu kwa mwandiko mzuri, akapigia ofisi simu, na wakati simu inaita akachungulia dirishani akamwambia Nereah aloweke maharagwe ya vinywa vitatu zaidi.