Zafarani Kwenye Mkono wa Koti

Jumatatu, mwezi ishirini na tatu Mfunguo Tatu, siku ambayo Wadachi waliiandika tarehe kumi na mbili Septemba 1887, kulikucha na mawingu mepesi na upepo wa kusi usio na haraka. Umande ulikuwa mwingi. Mwanamvua binti Pazi alimaliza sala ya alfajiri, akavuta uradi wake mpaka mwisho, kisha akatwaa ufagio kwenda kufagia makaburi ya Kaole, kama alivyofanya kila siku tangu mumewe afariki miaka tisa nyuma. Alipofika kwenye kaburi la nguzo aliinua macho, na ufagio ukamtoka mkononi.

Bakuli halikuwepo.

Lilikuwa bakuli la Kichina, la kijani kama maji ya kina, ambalo wazee wa zamani walilijengea kwenye nguzo, mdomo ukielekea juu, mahali ambapo mkono wa mtu aliyesimama chini haufiki. Sasa palibaki shimo la duara na vipande vya chokaa vimetapakaa chini.

Jua halijapanda sana, Mwishehe alikuwa ameshafika. Huyu alikuwa shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe na mkubwa wa ukoo. Ukoo huo ndio uliokabidhiwa kaburi lile, na nyumba ya kando ya kisima ilikwenda pamoja na amana: anayelitunza kaburi ndiye anayelala humo.

"Shemeji, sikuiti mwizi," alisema Mwishehe, macho yake yakiwa kwenye lile shimo. "Lakini kaburi liko mikononi mwako, na bakuli limepotea mikononi mwako. Ikifika Ijumaa halijarudi, nyumba atakaa mwingine."

"Nimesikia, shemeji."

"Nami nimeona haya kusema. Lakini nimesema."

Mwanamvua hakuwa na mtoto. Huko Miono alikuwa na ndugu ambao kwa mara ya mwisho walimtumia salamu mwaka wa njaa. Alipofikiri habari ya kuingia kwao na kikapu kichwani, akiwa na umri ule, aliona bora alale hapo hapo makaburini.

Kaole nzima hakuna aliyeuliza mwizi ni nani. Watu waliuliza ni yupi kati ya wale wanne.

Wale wanne walikuwa vijana wa manowari ya Wadachi, iliyotia nanga mbele ya Bagamoyo kwa wiki ya tatu sasa. Walikuwa wanamaliza masomo yao ya ubaharia, na Jumatano nahodha wao angewavika vyeo pale mbele ya forodha, ili watu wa mji waone na waogope. Walikuwa wamefundishwa nyota, mizinga na hesabu za bahari. Kuvua viatu kwenye mlango wa msikiti hawakufundishwa. Jioni walishindana mbio za kupanda migongo ya wapagazi, na aliyeshinda alinyweshwa mvinyo, naye mpagazi akapewa teke la mapenzi.

Mwanamvua aliwajua kuliko walivyojijua, kwa sababu yeye na jirani yake Sikuzani ndio waliowafulia nguo kwa maji ya kisima cha Kaole, ambayo hayana chumvi. Mtu huweza kuficha mengi usoni, lakini mfuaji huyakuta yote kwenye kola. Kwa kuwa majina yao hayakutamkika, wale wanawake wawili waliwapa mengine.

Wa kwanza walimwita Sharubu. Alikuwa na nywele nne juu ya mdomo, na kila asubuhi alizipaka nta kwa muda ambao mtu mwingine angelima tuta la muhogo. Nta hiyo ilikuwa kwenye kola, kwenye mito na kwenye vikono vya shati. Wanawake kisimani walipomcheka, yeye aliinamisha kichwa kwa madaha, akiamini amependwa.

Wa pili alikuwa Risasi. Huyu alikwenda siku tatu mdomoni mwa mto Ruvu kuwinda viboko, akarudi ameua punda. Punda mwenyewe alikuwa amefungwa kwenye mkorosho, na mzigo wa mihogo mgongoni. Risasi alipigwa picha ameweka mguu juu yake.

Wa tatu, Kasha, alikusanya. Makombe ya pwani, mbawakawa, mitego ya samaki, ngoma iliyopasuka. Siku moja aliondoka hata na mkongojo wa kipofu. Mwanamvua alikuwa hatii mkono kwenye mfuko wa suruali ya Kasha bila kusema bismillahi, maana alishatoa humo mjusi.

Wa nne walimwita Shikamoo. Kijana mwembamba, mpole, aliyejifunza kusalimu. Alikuwa akifika kisimani anaweka mkono kifuani, anainama: "Shikamoo, mama." Alisaidia kubeba tenga la nguo. Nguo zake zilikuja zimekunjwa na kufungwa uzi, nguo za mtu aliyelelewa. Mwanamvua alikuwa akimwambia Sikuzani, "Katika ule mzigo wa taka, mna mtu mmoja."

Na kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia Sikuzani wala mtu yeyote. Ijumaa iliyopita Shikamoo alikuja peke yake, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuchechemea habari za makaburi, naye Mwanamvua akampeleka. Alimwambia avue viatu, akavua. Alimweleza bakuli lilivyotoka Uchina kabla ya babu wa babu. Akamwonyesha kwamba mtu mrefu akisimama kwenye ukingo wa kaburi na kuinua mikono, analigusa, na kwamba chokaa yake imeanza kulegea. Alisema yote hayo kwa fahari, kama mama anayeonyesha mwanawe.

Asubuhi ile ile ya Jumatatu mashua ya manowari ilileta furushi la nguo za Jumapili, ambazo zilitakiwa ziwe nyeupe kwa sherehe ya Jumatano. Vijana walikuwa wameshinda pwani Jumapili nzima. Sikuzani alilitua furushi kisimani kwa kishindo.

"Ni Kasha," alisema. "Nani mwingine? Yule angeng'oa hata jino la maiti."

"Tuzifungue kwanza."

"Za nini? Mimi nimeshahukumu."

"Wewe ulishahukumu tangu meli haijatia nanga. Fungua, mwenzangu."

Wakafungua. Suruali ya Kasha ilikuwa na tope magotini na mabawa ya mdudu kwenye pindo. Alikuwa ameshinda akitambaa vichakani. Ya Risasi ilinuka baruti, na mbele ilikuwa na damu. "Leo kamuua nani?" Sikuzani aliuliza. "Kuku wa mtu, bila shaka." Ya Sharubu ilikuwa na nta juu na mchuzi chini.

Ikabaki nguo ya nne, imekunjwa vizuri, imefungwa uzi. Mwanamvua alifungua uzi, akalitandaza koti jeupe juu ya jiwe.

Mikono yote miwili ya koti ilikuwa na michirizi ya manjano. Michirizi ilianza kwenye ncha ya mkono, ikapita kiwiko, ikaishia kwapani. Aliinama, akanusa. Marashi.

Jumapili adhuhuri mwanamke mmoja wa Kiwangwa, Mardhiya, alikuja kutimiza nadhiri baada ya kujifungua salama. Akasoma Fatiha, akajaza bakuli marashi yaliyotiwa zafarani, mpaka ukingoni. Mwanamvua ndiye aliyemshikia kigoda. Aliyeling'oa bakuli lile aliinua mikono, na marashi yakamteremkia ndani ya mikono ya koti lake. Hakuna njia nyingine ambayo zafarani ingepanda toka kiganjani hadi kwapani.

"La nani hili?" Sikuzani aliuliza, ingawa aliuona uzi.

"La yule mtu mmoja," alisema Mwanamvua.

Sikuzani akamsogezea ndoo. "Lifue, dada. Wale wana mizinga. Utakwenda kumwambia nahodha nini? Kwamba umenusa?"

"Mengine tutayafua, tuyatie kanji yasimame kama mbao. Hili litabaki lilivyo."

Siku ile na ya pili yake alifua, akatia kanji, akapiga pasi ya makaa, na kila sala alirefusha sijida. Hakumwomba Mungu bakuli. Aliomba ulimi usimkauke, na hilo lilikuwa kubwa zaidi kwake. Wale watatu aliwadharau na alikuwa amezoea kuwadharau. Dharau hiyo haikumlaza macho. Kilichomla ni kujiona yeye mwenyewe: mwanamke mtu mzima, mwenye kusali, aliyeuza amana ya watu kwa salamu nzuri.

Jumatano watu walijaa mbele ya forodha. Wazee wa Kaole waliitwa wawe mashahidi wa ukuu wa Wadachi, na Mwishehe alikaa mbele kwenye kiti. Nahodha alikuwa mzee mwenye tumbo na saa, na saa ndiyo aliyoitazama zaidi. Mkalimani wake alikuwa Bwanausi, kijana wa mjini, mwenye kofia mpya.

Vijana wanne walingoja nyuma ya turubai kuvaa. Mwanamvua na Sikuzani walipita katikati ya watu na matenga vichwani, wakayatua mbele ya turubai. Sharubu akachukua koti lake, kisha kioo. Risasi akachukua lake, Kasha lake, makoti yaling'aa. La nne Mwanamvua alilikunjua mwenyewe, akalishika juu kwa mabega, watu wote walione.

Nahodha aliuliza jambo. Bwanausi akakohoa. "Bibi Mwanamvua, bwana mkubwa anauliza mbona hili hukufua."

"Mwambie nimewafulia wiki tatu. Nimefua mvinyo, nimefua nta, nimefua damu ya punda wa watu, wala sikuuliza. Hili sikulifua ili alisome. Haya ni marashi na zafarani ya kwenye bakuli la kaburi. Mwambie huyu kijana avae, kisha ainue mikono kama anayetwaa kitu juu."

Bwanausi alimtazama, kisha akamtazama nahodha. "Yote hayo, bibi?"

"Usipunguze neno."

Bwanausi akatafsiri. Shikamoo alisimama kama kijiti. Hakuvaa koti wala hakuinua mikono. Aliyeinua mikono ni Sharubu. Aliinyoosha juu, akajifanya anang'oa kitu, akajimwagia kifuani, na wenzake wakacheka mpaka wakashikana. Kisha Risasi, bila kuulizwa na mtu, akasema maneno kwa sauti huku akionyesha kidole melini.

"Anasema nini?" aliuliza Mwishehe.

"Anasema bakuli liko kwenye sanduku la huyu," alisema Bwanausi, na safari hii hakumwangalia mtu. "Amemwandikia mama yake kwamba anampelekea zawadi. Anasema pia waharakishe, mvinyo unapata moto."

Huo ndio ulikuwa urafiki wao. Walilala chumba kimoja miaka mitatu, wakala sahani moja, na mwenzao walimuuza kabla mate hayajakauka, wala si kwa kupenda haki.

Nahodha aliwaka uso. Mwanamvua aliona wazi kwamba wizi haukumkasirisha. Kilichomkasirisha ni kuonekana. Alifoka neno moja, na mashua ikaenda melini na kurudi. Bakuli lililetwa limeviringishwa kwenye foronya ambayo Mwanamvua mwenyewe aliipiga pasi. Lilikuwa zima, ila ukingoni limemeguka kipande kama ukucha.

Shikamoo ndiye aliyeamriwa kulikabidhi. Alitembea mpaka mbele yake, akalitoa kwa mikono miwili, akainama vizuri kama siku zote.

"Shikamoo, mama."

Mwanamvua alilipokea bakuli. Hakuitikia. Watu wa pwani ile wote walijua uzito wa shikamoo isiyoitikiwa, na kimya kilikwenda mpaka nyuma kabisa, kwa wauza samaki. Kijana aliendelea kuinama, akingoja marahaba. Mwisho akajiinua mwenyewe.

Basi Wadachi wakaendelea na sherehe yao. Shikamoo aliazimwa koti la Risasi la akiba, lililombana kifuani, akavikwa cheo kama wenzake, akakabidhiwa upanga, akapigiwa makofi. Wakawa maofisa wanne: mpakaji wa nta, muua punda, mwokota mijusi na mwizi wa makaburi.

Mwishehe hakutazama. Alikuwa ameinuka, akaja kuligusa bakuli pale lilipomeguka.

"Alhamdulillahi," alisema. "Lakini niambie jambo moja, shemeji. Nguzo ile wameipita wageni wengi. Huyu alijuaje kwamba bakuli limelegea?"

Sikuzani alimfinya Mwanamvua mkononi. Angeweza kusema hajui. Kijana asingemkanusha, na hakuna mwingine aliyejua. Nyumba alikuwa ameshaipata tena.

"Mimi nilimwambia," alisema Mwanamvua. "Ijumaa. Alinisalimu vizuri nikadhani ana adabu. Nikampeleka, nikamwonyesha hata pa kuweka mguu."

Wazee walitazamana. Mwishehe aliondoa mkono kwenye bakuli.

"Ungenificha hilo, ningejua siku moja, na siku hiyo ungehama," alisema. "Sasa weka ahadi mbele ya hawa waliosikia, nasi turudi nyumbani."

Mwanamvua alilipakata bakuli kwa mkono wa kushoto, akainua wa kulia.

"Mbele ya Mwenyezi Mungu, na mbele yako shemeji, na Sikuzani, na Bwanausi, na ninyi nyote: leo kabla ya magharibi nitalirudisha bakuli hili kwa chokaa niliyoikanda mwenyewe. Na tangu leo atakayenisalimu nitamjua kwanza ndipo nimwamini, na njia ya kaburi la watu hataipata kwangu kwa shikamoo."