Mikro Moja

Rachelle alipopata diploma yake ya sekondari, mtu mmoja tu alimuuliza anataka kusoma nini, na mtu huyo alikuwa anafunga mizigo.

Aliitwa Ngeleka, fundi wa umeme wa kampuni ya mgodi. Alizaliwa Kolwezi, akasoma Kolwezi, akaoa Kolwezi. Lakini wazazi wake walitoka Kasai, na katika mwaka ule wa 1993 jambo hilo lilitosha kumfukuzisha Katanga. Kwenye mlango wa nyumba yake, katika kambi ya wafanyakazi huko Dilala, watu walikuwa wameandika kwa chaki neno bilulu, yaani wadudu. Mara ya kwanza alilifuta. Mara ya pili aliliacha.

"Sauti," Rachelle alimjibu, akimwita tata, yaani baba, kwa heshima. "Nataka kusoma kazi ya sauti, tata. Ile ulianza kunifundisha."

Ngeleka alikuwa anazungushia godoro kamba. "Mi nilikufundisha kidogo tu," alisema. "Kule Kinshasa njo banajua."

Alikuwa amemfundisha kila Jumamosi, kwaya ya parokia ilipofanya mazoezi. Alimwonyesha mahali pa kusimamisha mikro, yaani kipaza sauti, namna ya kuwahi mlio wa spika kabla haujawafikia waumini, namna ya kwenda kusimama kwenye kona ya mwisho ya kanisa na kusikiliza kama bibi kizee asiyesikia vizuri. Parokia ilikuwa na spika alizozitengeneza mwenyewe kwa mbao za masanduku ya mgodi, na mikro moja nzuri ya kurekodia. Moja tu. Kwa mikro hiyo Rachelle alikuwa amerekodi kaseti ya Pasaka ya mwaka uliopita, wakati kwaya bado ilikuwa nzima.

Siku ile ya kurekodi, Ngeleka alimweleza jinsi wanavyofanya Kinshasa, katika studio ambamo mdogo wake Mukendi alifanya kazi.

"Kule kila mutu ana njia yake mu mashine. Mwimbaji njia yake, ngoma njia yake. Ukitaka kumutoa mutu, unashusha kifungo yake, basi. Wimbo inaendelea bila yeye."

"Bila alama?"

"Bila alama yoyote."

Rachelle alilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu. Lilimvutia kuliko kitu chochote alichofundishwa shuleni.

Sasa Mukendi alikuwa amekubali. Ngeleka alizungumza naye kwa foni, redio ya mawasiliano ya parokia: msichana angelala kwao, na chuo kinachofundisha kazi ya sauti hakikuwa mbali na nyumba yao. Tatizo lilikuwa njia. Ndege zilikuwa za wakubwa. Mtu wa kawaida alipanda treni ya kwenda Kasai hadi mwisho wa reli, kisha mashua mpaka Kinshasa. Na treni za miezi ile zilibeba waliofukuzwa tu.

"Ningekupeleka mi mwenyewe," Ngeleka alisema. "Lakini jamaa yetu tumepewa kona moja ya wagoni. Mama yangu hawezi kusafiri akikaa, anapashwa kulala. Nafasi haiko, mutoto."

Nyumbani, baba yake Rachelle alifurahi kusikia hivyo, ingawa hakuonyesha. Barnabé alikuwa karani wa kampuni ile ile, mtu wa kaskazini mwa Katanga, upande wa Manono. Alikuwa anaendelea kwenda ofisini ambako hakukuwa tena na kazi wala mshahara. Alitaka binti yake aingie chuo cha ualimu.

"Sisi pia tunaitwa Baluba, kama bale ba Kasai," alimwambia. "Ba Katanga, ndiyo, lakini vijana bakiwa na mawe mu mikono, hawaulizi Muluba wa wapi. Ukionekana unapanda na bale, kesho chaki iko ku mulango yetu."

"Tata, Ngeleka ulikula naye Noeli."

"Nilikula naye." Barnabé alitazama mikono yake. "Sisemi hapana juu ya Ngeleka. Nasema naogopa."

Jamaa ya Ngeleka ilihamia stesheni. Watu wengi walikuwa huko tayari, wamejenga vibanda vya mikeka na plastiki kando ya reli, wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Makabati na vyerehani vilinyeshewa mvua. Rachelle alikwenda kila alipoweza, akimpelekea Kabedi, binti wa Ngeleka, maji yaliyochemshwa. Walikuwa wamekaa dawati moja shuleni. Kabedi hakujua lugha ya Kasai isipokuwa salamu na matusi.

"Nikifika, bataniuliza kintu, nitabatukana tu," alisema, na wote wawili walicheka.

Haukupita muda, bibi yake Kabedi, mama Ernestine, mama mzazi wa Ngeleka, alianza kuharisha. Mama Ernestine aliimba kwaya tangu ujana wake, sauti ya chini, nzito, ambayo Rachelle alikuwa akiitafuta kwanza kila aliposimamisha mikro, kwa sababu nyingine zote zilikaa juu yake. Alifariki asubuhi, ndani ya kibanda.

Katika parokia ile, mwanakwaya akifa, kwaya yake ndiyo inayomwimbia. Wanakuja kwenye kilio wakiwa na vitambaa vya kwaya mabegani. Kiongozi anaanzisha, wengine wanajibu, wanamsindikiza hivyo mpaka kaburini. Mtu aliyeimbia wafu wa wenzake miaka yote hawezi kuzikwa kimya kama mgeni. Lakini nusu ya kwaya ilikuwa pale pale stesheni, imetawanyika, wagonjwa, na nusu nyingine, wenyeji wa Katanga, haikuja.

"Hakuna mwenye kuanzisha," Kabedi alisema. "Tata alijaribu, sauti ikakatika."

Rachelle alikumbuka kaseti ya Pasaka. Hakumwuliza mtu. Alikwenda parokiani, akachukua kaseti, rekoda na spika moja, akavifunga kwenye baiskeli ya baba yake pamoja na betri ya gari, akarudi stesheni akiisukuma. Aliweka spika juu ya sanduku, akaigeuza kidogo ili sauti isipige kwenye ukuta wa stesheni na kurudi. Alikwenda nyuma ya watu kusikiliza, kama alivyofundishwa, akarudi, akapunguza sauti za juu. Ilikuwa mchana na watu walikuwa wamekaa chini kuzunguka maiti iliyofunikwa kitenge. Akabonyeza.

Kwanza ulisikika mvumo wa kanisa tupu. Kisha pumzi ya watu wengi kwa pamoja. Kisha kiongozi akaanzisha, peke yake, sauti safi ya kijana, inayopanda bila kulazimishwa.

Mwanamume mmoja aliyelala pembeni, kichwa kimefungwa kitambaa, aliinuka akakaa.

"Ile ni Dodo," alisema.

Rachelle alikuwa ameisikiliza kaseti ile mara nyingi, na kwa muda wote huo Dodo alikuwa kwake sauti iliyo karibu na mikro, basi. Ile ambayo alilazimika kuirudisha nyuma kidogo ili isiwafunike akina mama. Fundi anasikia juu na chini, mbali na karibu. Alikuwa amesahau kwamba sauti ni ya mtu. Dodo ndiye aliyetembea mbele ya vijana walipopita nyumba kwa nyumba katika kambi ya Dilala, wakiwafukuza watu wa Kasai. Alianzisha wimbo wao kwa koo lile lile, na wenzake wakajibu, na kila mtu pale alikuwa amemsikia akiwa ndani, mlango umefungwa.

Kwenye kaseti, kwaya ilijibu. Mwanamke mmoja, kwa mazoea, alifungua kinywa akajibu pia, kisha akakifunika kwa kiganja. Na chini ya sauti zote ikaja ile ya mama Ernestine.

"Kambo," Kabedi alisema, akimtambua bibi yake. "Ni kambo!"

"Zima," alisema dada mkubwa wa Ngeleka, mama mnene aliyeketi penye kichwa cha maiti. "Zima kitu hiyo."

"Acha, yaya," Ngeleka alimwambia dada yake. "Mama anaimba."

"Anaimba nyuma ya nani? Unasikia anaimba nyuma ya nani?"

Dodo alianzisha ubeti wa pili. Kabedi alimshika Rachelle mkono. "Mutoe. Wee unajua hiyo mashine. Mutoe Dodo, utuachie kambo."

"Siwezi."

"Juu ya nini?"

"Mikro ilikuwa moja, Kabedi. Baliingia bote pamoja. Nikimutoa yeye, na kambo anaenda."

Kabedi alimwachia mkono. Wimbo uliendelea, mzuri, umepangwa vizuri, mpaka Ngeleka aliponyanyuka mwenyewe na kuuzima.

Walimzika jioni hiyo, wanaume wachache, bila wimbo. Waliporudi, Ngeleka alimkuta Rachelle akifunga spika kwenye baiskeli.

"Sauti ulipanga muzuri," alimwambia.

"Tata, nisamehe."

"Umelifanya juu ya mama. Najua." Alikaa juu ya sanduku. Alionekana mtu mfupi kuliko zamani. "Sikia. Banasema treni ni kesho. Nafasi ya mama iko sasa. Kuya, twende. Mukendi anangoja."

Dada yake alisikia. "Nafasi ya mufu utampa mutoto wa bale?"

"Huyu ni mutoto yangu mu kazi."

"Kazi gani? Ile tumesikia leo?"

"Asubuhi," Ngeleka alimwambia Rachelle. "Beba kidogo."

Rachelle alimweleza baba yake. Barnabé alisikiliza mpaka mwisho. Rachelle alifikiri angemkataza, na labda angeona nafuu kama angekatazwa. Lakini baba yake alitoa begi lake la ofisini, akaondoa karatasi zilizokuwa ndani, akampa.

"Mi nilisha kusema naogopa," alisema. "Woga yangu haiwezi kukusomea."

Asubuhi treni ilikuwapo. Watu walikuwa wakipandisha magodoro kupitia madirishani, wakiitana, wakilia, wakigombania kuku. Rachelle aliwakuta katika behewa la katikati. Ngeleka alimwonyesha kona yao. Mkeka wa mama Ernestine ulikuwa umetandikwa sakafuni, umekung'utwa vumbi, safi. Kabedi ndiye aliyeutandika. Alisogea kidogo. Shangazi yake alikuwa amekaa pembeni ya mkeka, mkono wake juu ya ukingo, kama mtu anayemshika mtoto aliyelala. Alimwona Rachelle mlangoni. Hakumtukana. Aliondoa mkono wake polepole, akageukia ukuta.

Rachelle alikuwa na mguu mmoja juu ya ngazi.

"Panda," Ngeleka alisema.

"Siwezi, tata."

"Ni juu ya dada yangu? Atazoea. Safari ni ndefu."

"Hapana, si yeye." Alitafuta maneno. "Kule nitakuwa nafundishwa, kila siku, nakumbuka nililala mu nafasi ya nani. Bakiniuliza nilifika namna gani, nitasema nini?"

"Sema mama Ernestine alikupa nafasi."

"Hakunipa. Alikufa."

Ngeleka alifumba macho. Nyuma yake mtu alipiga kelele kwamba mlango unafungwa. "Na ukibaki, utasoma nini?"

Rachelle aliondoa mguu kwenye ngazi.

"Mikro," Ngeleka alisema hatimaye, "usiiache mu sakristia. Kuna maji mu ukuta."

"Sitaiacha."

Behewa lilisogea, likasimama, likasogea tena. Kabedi alitoa mkono dirishani lakini ilikuwa vigumu kujua kama alikuwa akiaga au akishikilia tu mbao.

Jumapili iliyofuata kwaya iliimba. Rachelle alisimama kwenye kona ya mwisho ya kanisa akasikiliza. Hakukuwa na kosa lolote katika vyombo. Sauti ya Dodo ilipanda kama kawaida, na waliomjibu walikuwa wachache, wote wa juu, na chini yao hapakuwa na kitu. Aliongeza hapa, akapunguza pale. Aliacha.

Baada ya misa, Dodo alimfuata. Alikuwa kijana mrefu, mpole wa kuzungumza. Tangu amalize shule alikuwa amengoja kazi ya mgodi, na watu wakubwa walikuwa wamemwambia ni nani aliyekalia kiti chake. Viti sasa vilikuwa wazi, na kazi haikuwapo.

"Rachelle, dada, kwaya iko nyepesi."

"Nimesikia."

"Nilikuwa nawaza. Ile kaseti ya Pasaka. Tukiimba, wee uiweke chini chini mu spika. Zile sauti za chini tu. Bantu bajue kwaya ingali iko."

Rachelle alimtazama ili aone kama anatania. Hakuwa anatania.

"Haiwezekani. Mikro ilikuwa moja. Hazitoki peke yake."

"Basi weka yote. Na mi nitakuwa ndani, si shida."

"Niliiweka ku stesheni. Ku kilio cha mama Ernestine."

Dodo alikunja kitambaa chake cha kwaya mara mbili, akakikunjua.

"Balisema nini?"

"Balikusikia."

Dodo alisafisha koo, akatazama spika za mbao, akaondoka kupitia mlango wa pembeni.

Rachelle alichomoa mikro, akaifunga kwa kitambaa, akaenda nayo nyumbani pamoja na kaseti. Barnabé alikuwa amekaa uani. Begi la ofisini lilikuwa limerudi msumarini, tupu.

"Chuo cha ualimu bangali banaandikisha," alisema, bila kumtazama. "Lakini sikulazimishi. Treni nyingine itakuja. Ukitaka Kinshasa bado, tutatafuta namna."

"Kule banafundisha kumutoa mutu mu wimbo, bila alama."

"Si njo ile ulitaka?"

"Njo ile nilitaka," Rachelle alisema. "Niandikishe ualimu, tata."

Alikaa karibu naye. Kila kaseti ina vijino viwili vidogo vya plastiki mgongoni. Vikivunjwa, hakuna mtu anayeweza tena kurekodi juu yake. Alichukua kisu cha jikoni, akavivunja, kimoja, kisha cha pili, akavitia mfukoni.