Sauti ya Gari la Mkunga

Katika gereji ile kulikuwa na sheria moja tu: injini ikiwashwa, kila mtu afunge domo lake mpaka Sikio aseme. Mkewe ndiye aliyechomelea mabomba ya ekzosi. Yeye Sikio kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya gari, mkono juu, kisha atamke "bado" au "tayari". Jina hilo alipewa na wateja, na alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Watu walimletea magari yao ya zamani kutoka mbali, maana mabomba yakikosewa, hata gari la heshima hulia kama bati linaloburutwa.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anaanza kuwa kiziwi.

Ilianza kwa kupotea vitu vidogo: ndege wa asubuhi, mluzi wa birika, maneno ya mkewe akiwa jikoni. Ngurumo nzito aliendelea kuzipata; sauti nyembamba ndizo zilizomhama. Hakumwambia mtu. Alijikaza kisabuni, akabuni ujanja: injini ikiwaka, anamtazama mkewe usoni. Mkewe akikunja uso, yeye "bado". Uso ukilainika, "tayari". Alijiona mjanja kweli, na huku moyoni aliogopa mpaka usingizi ukampaa. Sikio asiyesikia atakuwa nani?

Ndipo akaja mkunga mstaafu na gari lake refu la silinda nane. Enzi zake alilipanda kwenda kuzalisha wanawake majumbani, na mwenye uchungu akisikia ule mngurumo unakata kona, alipumua, maana msaada umefika. Juzi gereji nyingine ilimbadilishia mabomba.

"Sasa majirani wananiuliza naenda mashindano ya wapi," alisema. "Kwa umri huu! Nirudishieni sauti ya gari langu, jamani."

Mke wa Sikio aliingia chini ya gari, akatoka na vumbi puani.

"Wamekata daraja," alisema. "Na sailensa wametia zile za tundu moja, moshi unapita kama uko kwao."

Daraja waliita kile kipande kifupi kinachounganisha bomba la kushoto na la kulia. Injini ya aina ile haipumui sawasawa: mara upande huu unatoa pumzi mbili za harakaharaka, mara ule. Bila daraja, kila bomba hubwata kivyake kama majirani waliogombana. Daraja likiwapo, pumzi hugawana njia, na mlio unashuka, unakuwa mzito na mtulivu. Sailensa yenye vyumba ndani nayo huugongesha mlio huku na huku mpaka ukali wake uishe.

Hayo Sikio aliyajua hata usingizini. Alipaka rangi mabomba yote mawili, injini ikaachwa iungurume mpaka yakapata moto, wakatazama rangi ilipoungua zaidi. Hapo ndipo pa kuweka daraja. Macho yake yalikuwa mazima, akafanya kazi kwa furaha. Mkewe akachomelea, akafunga sailensa za vyumba.

Injini ilipowashwa tena, mkewe alikuwa bado chini ya gari anakaza nati ya mwisho, miguu tu inaonekana. Sikio alisimama mahali pake, mkono juu, akatafuta uso wa kusoma, asiupate. Ngurumo ilimfika tumboni, tamu. Alitaka kusubiri, lakini mkunga alikuwa akimkodolea, na macho yale aliyashindwa.

"Tayari," alisema.

Mkunga alishtuka. Chini ya gari, ile miguu ikatulia. Kwenye kiungo kimoja moshi ulikuwa unapenya, na mluzi uliotoka hapo ungemwamsha mtoto mchanga nyumba ya pili.

"Fundi," mkunga alisema, akaja kusimama mbele yake kabisa. "Mluzi huo huusikii?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini mwa Sikio. Mkunga akamwahi.

"Baba, mimi nimeishi na siri za watu maisha yangu yote. Mficha uchi hazai."

Mkewe alitoka chini ya gari, akazima injini, uso umejaa masizi. Hakushangaa hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma Sikio.

"Kumbe ulijua?"

"Mume wangu, tangu lini ukanitazama usoni hivyo?" alisema. "Mwanzoni nilidhani ni mapenzi. Nikaanza na kujipaka mafuta mazuri. Kumbe mwenzangu unatafuta jibu la ekzosi!"

Mkunga alicheka mpaka akashika boneti. Sikio naye akacheka, kisha machozi yakamjaa.

"Nimekwisha," alisema. "Nitafanya nini humu sasa? Nifagie?"

Mkewe hakuwa mtu wa maneno matamu. "Katafute moshi unapotokea," alisema. "Macho unayo."

Sikio akaingia chini, injini ikawashwa kidogo, akapitisha kiganja karibu na viungo mpaka pumzi ya moto ikamgusa, akaweka alama ya chaki. Injini ikazimwa, mkewe akachomelea upya. Ilipowashwa, Sikio alielekea nyuma ya gari kwa mazoea, akamkuta mkewe keshasimama hapo, mkono juu. Ilimuuma. Alitamani kumwambia apishe, lakini akasogea kando.

"Bado," mkewe alisema. "Kuna bomba linagusa chasi."

Sikio akaingia chini, akalisogeza.

"Tayari."

Mkunga alikuwa amekaa kwenye usukani, amefumba macho, anatabasamu. Sikio alisimama na nusu yake ya mlio, ile ya tumboni.

"Linaliaje?" alimuuliza mkewe. "Usinifiche."

Mkewe aliweka mdomo karibu na sikio lake, akafikiri kwanza, maana hiyo haikuwa kazi yake.

"Linacheka," alisema. "Limefunga mdomo, lakini linacheka."

"Na upande wa kushoto?"

Mkewe akaenda kushoto, akainama, akasikiliza, akarudi kumweleza.