Kadi Inayolia

Krr, krr, krr. Alfajiri hiyo niliamshwa na mlio uleule wa kutoka sebuleni, kama panya anayetafuna bati. Nikajua mume wangu ameshaamka na yuko barabarani.

Kuwa barabarani kwake ni hivi: anakaa kwenye kiti chake cha magurudumu mbele ya kompyuta aliyotuachia binti yetu, ameshika usukani uliobanwa mezani, mguu wa kulia uko kwenye pedeli, anaendesha lori la mchezo. Malori ya kweli aliyaendesha miaka thelathini na moja. Kisha kiharusi kikamshika upande wa kushoto, na sisi tunakaa ghorofa ya nne, jengo halina lifti. Tangu wakati huo ameshuka ngazi mara mbili tu, zote mbili akibebwa kama kabati, anavyosema mwenyewe.

Mlio ukakatika. Nikamsikia akiita, "Bi mkubwa! Huku giza limeingia."

Nilikuta skrini nyeusi tii na harufu ya plastiki iliyoungua. Alikuwa bado ameshika usukani, kama mtu ambaye gari limemzimikia mlimani.

Fundi alifika saa nne. Ni binti wa rika la wajukuu wetu, huchomeka bisibisi kwenye nywele kama kitana. Mwezi huo alikuwa ameshakuja mara tatu kwa ajili ya feni ya kompyuta, hiyohiyo inayolia krr. Alipoingia tu, mume wangu akachangamka.

"Karibu, mke mdogo. Huyu mkubwa amenifungia ndani."

"Shikamoo, babu. Shikamoo, mke mwenza."

"Marahaba. Mchukue huyo mumeo," nikamwambia, "mimi nimechoka naye."

Kasha la kompyuta huwa tunaliacha wazi ubavuni kwa sababu ya joto. Fundi akachomoa kadi ya picha, ile inayochora barabara na miti kwenye skrini, akaigeuza. Kwenye feni palikuwa na kitu kimejiviringa. Uzi. Uzi wa sufu, wa buluu, wa sweta ninayofuma.

Akanitazama. Mimi nikamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama dirisha. Kikapu changu cha kufumia hukaa karibu na kiti chake, upande wa mkono mzima.

"Vumbi," fundi akasema, akautia uzi mfukoni. "Vumbi limeziba feni, kadi imeungua."

Sitasahau alivyolisema neno lile, taratibu, kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka.

Akapanga kadi tatu mezani. Binti yetu alikuwa ametuma pesa, akasema tuchague tunayotaka.

"Hii ya kwanza ni ya mtumba, bei ya chee. Inafanya kazi, ila feni yake inalia, itataka kusafishwa kila wiki mbili. Hii ya kati ni mpya. Ya tatu ndiyo kubwa, kwa bei yake unapata friji."

"Si ndiyo yenye nguvu?" nikauliza.

"Nguvu inazo, bibi, lakini inataka umeme mwingi kuliko kasha hili linavyoweza kuipa. Na skrini yenyewe ndiyo hii ndogo. Babu, ungeingiza trela la matairi ishirini na mbili kichochoroni?"

"Lingekwama kona ya kwanza."

"Basi. Ya kati inaitosha skrini hii, na mvua utaiona tone kwa tone. Miaka minne hutahitaji fundi."

"Miaka minne," akarudia, kama mtu aliyesomewa kifungo. Mkono wake mzima ukasogea, ukaipita kadi ya kati, ukatua kwenye ya mtumba. "Nataka hii inayolia."

"Babu, kwa hiyo nitakuwa napanda hizi ngazi kila wiki mbili!"

"Ndiyo," akajibu upesi mno.

Hapo nikawafikiria watu waliowahi kupanda ngazi zetu. Madereva wenzake walikuja mwezi wa kwanza na matunda, wakakaa ukingoni mwa viti, wakaacha kuja. Muuguzi alimaliza wiki zake. Wa gesi huacha mtungi mlangoni. Mimi mwenyewe nikishuka sokoni hurudi mbio, naogopa ataanguka. Tulikuwa wawili ndani ya kuta nne, na aliyekuwa akiingia ni huyu mmoja, feni ikilia. Mume wangu alikuwa ameichoma barabara yake mwenyewe ili mtu agonge mlango.

Sikuweza kumkasirikia. Nikakaa kando yake, nikaushika mkono ule usiosikia.

"Mzee, hiyo mbovu itakuzimikia tena hata sweta yangu haijaisha. Chukua nzima. Hicho kingine unachokitaka, kiseme."

"Hakuna ninachotaka."

Huyu ndiye mtu aliyewahi kulala siku mbili chini ya lori lililoharibika, kuliko kumsimamisha mwenzake amwombe spana.

Fundi akaipachika kadi ya kati, akakaza skrubu polepole kuliko kazi ilivyotaka, nami nikaliona hilo. Akawasha. Barabara ikatokea, lami imelowa, matone yanateleza kwenye kioo cha lori. Mume wangu akaondoa gari.

Bila ule mlio, chumba kilikuwa kimya mpaka nikasikia bomba la jikoni likidondosha maji. Fundi akafunga begi lake, akavaa viatu. Alipopita kwenye kikapu changu aliurudisha uzi, ameuviringa vizuri.

"Haya, babu. Safari njema."

Alikuwa ameshashika kitasa cha mlango. Lori likapunguza mwendo, likasimama kando ya barabara, taa zake zikiwaka na kuzima. Mume wangu hakugeuka.

"Binti," akasema. "Jumamosi hapa hakutakuwa na kitu kibovu." Akauachia usukani. "Uje tu."